Nahodha Aliyeshinda Kabla ya Mgeni Rasmi

Wanafunzi wake walimwita Breki, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine chini ya mguu wake yeye, upande wa abiria. Hiyo ya pili ndiyo iliyofanya kazi kweli. Mwanafunzi angeiona kona, angepunguza mwendo vizuri kabisa, na bado gari lingesimama ghafla mpaka paji la uso lisogelee kioo. Kisha Breki angesema, "Nilikuwa nahakikisha tu." Hata nje ya gari aliishi hivyohivyo. Jikoni alizima moto kabla chakula hakijaiva. Kwenye mazungumzo alimkatiza mtu ambaye ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kuanza. Mume wake, fundi wa majokofu na mtu mpole, alikuwa amejifunza kusema sentensi fupi.

Mtu wa aina hiyo kuwa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi hakutakushangaza ukijua timu yenyewe ilivyopatikana.

Katibu wa chama cha kriketi alikuwa na chama, ila kriketi hakuwa nayo. Alikuwa na mhuri, ofisi yenye feni isiyozunguka, na picha yake mwenyewe ukutani akipeana mkono na mtu aliyekatwa kichwa na fremu. Siku moja akasikia kwamba wakubwa wa mchezo huo duniani wanagawa vifaa kwa nchi yoyote itakayounda timu ya wanawake. Akatoka mbio kutafuta wanawake kumi na mmoja. Akampata msusi, akampata muuza vocha, akawapata madada wawili waliodhani wanaitwa kwenye usaili wa kazi. Breki alimkuta palepale uwanjani, maana kona moja ya uwanja ule ndiko alikokuwa akifundishia watu kurudi nyuma na kuegesha. Mfuko wa vifaa ulikuwa mkubwa na mzito, na kati ya wote waliookotwa siku ile ni Breki peke yake aliyekuwa na gari.

"Wewe utakuwa nahodha," Katibu akamwambia, huku akifungua buti bila kuomba ruhusa.

Hivyo ndivyo taifa lilivyopata kiongozi.

Breki aliupenda unahodha kuliko kitu kingine chochote alichowahi kupewa, na maishani hakuwa amepewa vingi. Alikulia katika nyumba ya watoto wengi ambako nguo mpya ilimfikia ikiwa imeshachoka. Alisoma mpaka ada ilipoishia. Aliolewa na mtu mwema, ndani ya nyumba iliyokuwa na mama yake mtu, na huyo mama mkwe alimwita "huyu" tangu siku ya harusi. "Huyu amerudi." "Huyu amesahau chumvi." Sasa huyu alikuwa nahodha. Alishona alama ya cheo kwenye mkono wa fulana kwa uzi wa njano, akaipiga pasi, akapita nayo sebuleni mara kadhaa bila shughuli yoyote ya maana.

"Mimi ndiye nahodha wa taifa, mama," hatimaye ikabidi aseme.

"Taifa lipi hilo?" mama mkwe akauliza, bila kuinua macho kwenye televisheni.

Swali halikuwa baya. Timu ilikuwa inafungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata na wanafunzi wa kigeni waliokuja kutalii na kuomba mechi ya kirafiki wakisubiri basi lao litengenezwe. Warushaji wake walirusha mpira kwa adabu mno. Ulifika kwa mpigaji umeshachoka, naye akapata nafasi ya kuuchagulia pa kwenda. Waliosimama uwanjani kuuzuia walikuwa katikati ya maongezi na hawakupenda kukatizwa. Msusi, aliyesimama nyuma ya vijiti kudaka mipira, alikuwa na muda wa kutosha kukagua nywele za wapinzani na kuwapa ushauri. Baada ya kila mechi Katibu alitoa taarifa kwamba timu imepata uzoefu. Kwa uzoefu peke yake, nchi ile ilikuwa tayari bingwa wa dunia.

Halafu akaja uwanjani wifi yake Breki kufuata ufunguo wa nyumba.

Wifi huyu, mdogo wa mume wake, alikuwa amehamia kwao kwa muda, na muda huo ulikuwa haujaonyesha dalili ya kwisha. Kazi yake ilikuwa kwenye majengo. Alisimama chini akarusha matofali ghorofani, moja baada ya jingine, na fundi wa juu aliyadaka bila kuinama wala kunyoosha mkono, huku anapiga soga. Mafundi walimwita Tofali, jina likamganda. Breki hakumpenda sana. Msichana alikula vizuri, akalala vizuri, na alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli mezani. "Wifi, leo tena hakijaiva," angesema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na mama mkwe angesogeza sahani pembeni kwa furaha.

Siku hiyo Katibu alikuwa na mwandishi wa habari. Alikuwa ameinama, ameshika kijiti cha katikati kati ya vile vitatu anavyovilinda mpigaji, anaeleza falsafa yake ya mchezo. Mpira ukatoroka ukaenda mpaka ukingoni, miguuni pa Tofali, na mtu akampigia kelele aurudishe.

"Niurudishe wapi?"

"Hapo kwenye vijiti."

Wenzake walitaka tu uje upande ule. Tofali hakuwa na mazoea ya kurusha kitu upande fulani. Alirusha mahali. Kijiti cha katikati kilitoka mkononi mwa Katibu, kikaenda kuanguka mbali, na Katibu akabaki ameinama vilevile, ameshika hewa. Mwandishi alipiga picha.

Kilichofuata lazima kisemwe, maana baadaye hakuna aliyekisema. Aliyemfanya Tofali awe mrushaji ni Breki. Katika kriketi mrushaji haruhusiwi kuukunjua mkono wakati anauachia mpira. Kiwiko kinyooke, mkono uzunguke mzima. Tofali kiwiko chake kilikuwa cha matofali. Jioni, kwenye korido ya nyumba, Breki alimfunga mwiko kwenye kiwiko kwa vipande vya shuka kuukuu. "Zungusha. Simama. Tena. Simama, umekunja. Tena." Kwa mara ya kwanza maishani mwake tabia ya kukatiza watu ilikuwa na faida. Walikesha na ubishi, walinuniana, walichubua rangi ya ukuta. Jikoni mama mkwe alikuwa anatafuta mwiko.

"Nyumba ya watu wazima," alisema, "chakula kinakorogwa kwa kijiko cha chai, mwiko umevaliwa."

Basi Tofali akaanza kucheza, na nchi ikaanza kuwa na kriketi.

Watu hudhani mrushaji mmoja hodari hushinda mechi kwa sababu anawatoa wapigaji wengi. Anawatoa, ndiyo. Lakini Breki, aliyekuwa anatazama kwa karibu na kwa kijicho kidogo, aliona jambo jingine. Mpigaji aliyeonja ova moja ya Tofali, yaani mipira sita, alikuwa mtu aliyetishika. Akiletewa muuza vocha na mipira yake ya adabu, aliona ameletewa likizo. Alitaka kupata pointi zote hapohapo kabla Tofali hajarudi, akapiga ovyo juu, akadakwa. Muuza vocha akaanza kujiona hatari. Akanunua miwani ya jua. Wale waliokuwa wakiongea uwanjani wakanyamaza, kwa sababu sasa mipira ilikuwa inakuja kweli na kuna waliopigwa nayo mgongoni. Msusi aliacha kukagua nywele za watu. Alishindilia sponji ndani ya glovu zake, na usiku alilala amezamisha mikono kwenye beseni la maji baridi. Mtu mmoja aliongezwa, na wale kumi wakawa wengine.

Walishinda. Wakashinda tena. Halafu nchi nzima, ambayo wiki chache kabla ilidhani kriketi ni mdudu, ikajaa wataalamu. Kinyozi alikueleza kosa la mwamuzi huku wembe uko shingoni mwako. Mtangazaji wa redio alipiga kelele "goooli" kila kijiti kilipoanguka, na hakuna aliyemsahihisha kwa kuogopa kuonekana hana uzalendo. Katibu alibadilisha feni. Alitengeneza kadi zilizoandikwa "Mgunduzi", na ukimuuliza alikuwa tayari kukuonyesha jinsi alivyokiachia kijiti kwa makusudi, apime shabaha ya binti.

Na Breki akawa wifi yake Tofali. Hivyo ndivyo walivyomtambulisha kila mahali, redioni, mkutanoni, hata kwenye shule ya udereva. "Huyu ni wifi yake Tofali, halafu pia ni nahodha." Lile neno "halafu" lilimkaa kooni. Kwenye mazoezi alijipangia kazi nyingi ili zamu yake ya kushika gongo mbele ya Tofali isifike. Mara alikuwa na simu, mara kamba ya kiatu. Timu nzima ilijua kwamba nahodha hajawahi kusimama mbele ya mipira ya wifi yake, na timu nzima, kwa heshima, ilijifanya haijui.

Ikafika mechi ya kufuzu. Atakayeshinda alikuwa anakwenda kwenye mashindano makubwa ya dunia, mahali ambapo nchi ile ilikuwa haijawahi kukanyaga hata kwa kupotea njia. Siku moja kabla, Katibu alimwita Breki ofisini, chini ya feni mpya.

"Kesho Mheshimiwa ndiye mgeni rasmi," akasema. "Anakuja kumwona Tofali. Haji kuona kriketi, sikiliza vizuri, anakuja kumwona Tofali. Kwa hiyo Tofali asiguse mpira mpaka Mheshimiwa awe amekaa."

"Akichelewa?"

"Mheshimiwa hachelewi. Nyinyi ndio mnaweza kuwahi."

Breki akamkumbusha sheria, taratibu, kama anavyowakumbusha wanafunzi taa nyekundu. Kila upande hurushiwa ova ishirini. Mrushaji mmoja haruhusiwi zaidi ya ova nne, na haruhusiwi kurusha ova mbili mfululizo. Lazima mwingine aingie katikati. Tofali akicheleweshwa sana, ova zake zitamfia mkononi.

"Zikibaki nne za mwisho, atarusha zote nne," Katibu akasema.

"Nimekwambia haruhusiwi mfululizo, mzee."

"Nitaongea na mwamuzi."

"Mwamuzi ni mgeni, katoka nchi ya mbali."

"Basi nitaongea naye kwa Kiingereza." Akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, manahodha wapo wengi. Tofali akirusha kabla Mheshimiwa hajakaa, ujue kesho kutwa umerudi kuegesha magari. Sitakutafuta kukwambia. Utasikia."

Breki alitoka pale amevunjika moyo, lakini tuwe wakweli, kuna kona ndogo ya moyo iliyofurahi. Alifikiria: je, tukishinda bila yeye? Wifi yake amesimama ukingoni mikono mitupu, na timu inashinda, na mtangazaji wa redio analazimika kujifunza jina jingine. Aliona aibu kuwaza hivyo, akaendelea kuwaza mpaka alipofika nyumbani.

Kesho yake uwanja ulijaa. Hema la wageni lilikuwa na kiti kimoja kikubwa kilichovalishwa kitambaa cheupe na utepe, na mbele yake meza yenye chupa ya maji na ua la plastiki. Kiti kilikuwa kitupu. Timu ya nyumbani ilipiga kwanza, ikajikusanyia pointi themanini na tisa, si nyingi wala si za kuzika mtu. Wageni wakaingia kupiga. Kiti bado kilikuwa kitupu.

Breki aliwapa mpira muuza vocha na wenzake. Bila Tofali upande wa pili, mipira ile ya adabu ilirudi kuwa ya adabu. Wapigaji wageni walisubiri balaa walilokuwa wamesimuliwa, na balaa lilikuwa limesimama ukingoni, linafunga na kufungua kamba za viatu. Walipoona haliji, wakatulia, wakaanza kuokota pointi bila papara. Kila ova ilipoisha Breki aligeuka kutazama hema, na Katibu aliweka simu sikioni na kuinua kiganja: subiri. Mheshimiwa alikuwa njiani. Alikuwa njiani tangu asubuhi, na mtu angesikia hivyo angedhani anatoka mwezini.

"Wifi, naingia lini?" Tofali akauliza alipopita karibu.

"Nitakwambia."

"Nimekosea kitu?"

Breki akageuka kutazama hema tena. Swali lile lilimchoma, kwa sababu msichana alikuwa anamaanisha. Alidhani kuna kosa la nyumbani ambalo anaadhibiwa nalo hapa mbele ya watu.

Zilipokwisha ova kumi na tatu wageni walikuwa na pointi sitini na nane, na ni wawili tu kati yao waliokuwa wametolewa. Msusi akavua glovu moja akamjia nahodha wake. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kudaka mipira ya mwezi mzima ya Tofali.

"Kapteni, mimi sijaviumiza hivi ili tuje kutazama kiti," akasema. "Asipoanza sasa hivi, hazimalizi zote nne. Wewe unajua kuliko mimi."

Alijua. Alitazama hema. Katibu alikuwa ameinua viganja vyote viwili sasa, na kichwa anakitikisa kwa nguvu, maana ameona wanateta. Breki aliutazama uzi wa njano kwenye mkono wake. Maisha yake yote alikuwa amekanyaga breki kwa niaba ya watu wengine, na mara nyingi hakukuwa na kitu mbele. Safari hii kulikuwa na kitu, kilikuwa ni yeye mwenyewe, na alitamani sana kusimama. Akamrushia Tofali mpira.

"Haya," akasema. "Na usimwangalie mtu yeyote kwenye hema."

Mpira wa kwanza ulipita kabla mpigaji hajamaliza kuinua gongo. Wa pili uling'oa kijiti, naye akawa ametolewa. Mchana wa wageni ulibadilika hapohapo. Tofali alimaliza ova yake, akaja muuza vocha na miwani yake, na mpigaji aliyekuwa ametulia tangu mwanzo akaona hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuishi, akapiga juu, akadakwa na mmoja wa wale madada wa usaili. Ikawa hivyo kila ova: Tofali anatisha, mwenzake anavuna. Waliobaki walitoka mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alitoka wakiwa bado wanahitaji pointi chache kufikia themanini na tisa. Ova zenyewe hazikufika hata ishirini. Watu waliingia uwanjani mbio. Msusi alilia kwa sauti, mikono ameinyoosha mbele ili mtu asimshike. Tofali akamkumbatia wifi yake akamwinua juu, na Breki, aliyekuwa na sababu ya kuogopa, alifurahi kwa moyo wote, bila kona.

Nahodha wa wageni alikuja, akampa mkono, akavua jezi yake ya juu akampa, kama wafanyavyo wanamichezo waungwana. Breki naye akampa yake, yenye uzi wa njano, akavaa ile ya mgeni. Wageni wakapanda basi lao wakawahi ndege.

Ving'ora vilisikika watu wanakunja viti.

Mheshimiwa alishuka garini akitabasamu, akaketi kwenye kiti cheupe, akauliza wanaanza saa ngapi. Katibu alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kitu bila kutafuna. Lakini hakuwa katibu kwa miaka yote ile kwa bahati. Alikuja hadi katikati ya uwanja akiwa na wapiga picha wa televisheni nyuma yake.

"Tunarudia mpira wa mwisho," akasema. "Mmoja tu. Mheshimiwa aone, kamera zichukue. Tofali atarusha."

"Anamrushia nani?" msusi akauliza. "Wenyewe wameshaondoka."

Katibu akazungusha macho, yakatua kwenye jezi ya Breki. "Huyo hapo. Keshavaa. Mpeni helmeti." Akamsogelea, akashusha sauti. "Na utoke kwa mpira huohuo mmoja. Umeshaniharibia vya kutosha leo."

Wakamvalisha helmeti yenye wavu usoni, wakampa gongo, wakamsimamisha mbele ya vijiti. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimefungwa vizuri na simu haikuita. Tofali alikuja mpaka katikati ya njia.

"Wifi, nirushe taratibu?"

"Ukirusha taratibu watajua ni mchezo wa kuigiza, aibu itakuwa yako." Breki alirekebisha helmeti. "Rusha unavyorusha. Kiwiko usikunje."

Tofali akarudi nyuma, akaja mbio. Breki alikuwa ameagizwa atoke, lakini alipomwona anakuja alishikwa na hasira ya ghafla, hasira ya "huyu" na "halafu" na kiti cheupe, akaamua atapiga. Alilizungusha gongo kwa nguvu zake zote. Liligonga hewa. Vijiti viwili viliruka na kimoja kililala, na yeye akabaki ameduwaa, mdomo wazi. Mheshimiwa alisimama kupiga makofi. Kisha alihutubia. Aliwapongeza mabinti kwa mabao mengi, akaahidi kwamba safari ijayo atawahi zaidi ili aone na kipindi cha pili.

Jioni walikaa sebuleni wote: mama mkwe kwenye kochi lake, mume, Tofali ameweka taulo lenye barafu begani, na Breki, ameshaoga, amevaa gauni la nyumbani. Mama mkwe alikuwa amewaita na majirani wawili waje waone mtoto wake. Taarifa ya habari ilianza na mechi. Mechi yenyewe, ile ya kweli, haikuonyeshwa, maana wapiga picha walikuwa wamekuja na msafara wa Mheshimiwa. Ilionyeshwa ile ya mpira mmoja. Tofali anakuja, mkono unazunguka, vijiti vinaruka, na mpinzani ndani ya jezi ya kigeni anaduwaa, mdomo wazi nyuma ya wavu.

Mama mkwe alipiga makofi. "Mwoneni huyo alivyokodoa. Wakome. Walidhani hapa watakuja kuchota." Majirani wakacheka. "Na huyu wetu mbona hawamwonyeshi? Si alisema na yeye yumo?"

Mume alitaka kusema kitu kifupi, akaahirisha. Kwenye televisheni alitokea Katibu, akasema ushindi ni matunda ya maandalizi, na kwamba kuelekea mashindano makubwa chama kimeona nahodha awe Tofali mwenyewe. Aliyekuwepo atapangiwa majukumu mengine. Hivyo ndivyo Breki alivyosikia, kama alivyoahidiwa. Tofali aligeuka haraka kumtazama, na ilionekana wazi kuwa naye ndiyo kwanza anasikia. Breki alijitahidi kuuweka uso sawa, ukakataa. Iliuma. Iliuma kuliko alivyojiandaa.

Wakairudia picha. Mama mkwe akaanza tena, "Mwoneni, mwoneni," na Tofali, kwa sauti yake ileile ya kutaja hali ya hewa, akasema:

"Mama, huyo mnayemcheka ni wifi."

"Wifi yupi?"

"Nina wangapi? Huyu hapa. Wageni walishaondoka, wakamsimamisha yeye. Na mechi ya kweli ni yeye aliyeishinda. Aliambiwa asinipe mpira, akanipa. Ndiyo maana wamemvua."

Majirani waliacha kucheka, wakashika vikombe vyao. Mama mkwe alitazama televisheni, akamtazama Breki, akatazama tena televisheni. Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kurudisha neno lake hata moja, na ilikuwa kazi kuona atapitia wapi.

"Basi afadhali umemtoa wewe," hatimaye akamwambia binti yake. "Angetolewa na watu wa nje, sisi tungezipeleka wapi nyuso zetu."

Breki alicheka. Hakutaka kucheka, na machozi yalikuwa yameshaanza njia yake, vikatoka vyote kwa pamoja. Tofali akamsogezea lile taulo la barafu ajifute. Mtangazaji alikuwa anaaga, na kwa kuagia wakaiweka picha mara ya tatu, polepole safari hii, kila kitu kinaelea. Tofali wa kwenye televisheni alianza kukimbia. Mama mkwe alivuta kochi mbele, akaegemea magoti yake, macho kwenye ile helmeti.

"Piga basi, mwanangu," akasema. "Piga."

Vijiti viliruka vilevile, viwili juu na kimoja chini. Mama mkwe akasonya, akasema huyo mrushaji alikuwa amekunja kiwiko.